Mvumo Chini ya Sakafu

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajafika, Irene Mwambene alijipima masikio yake mwenyewe. Ilikuwa sehemu ya kazi. Kliniki ya masikio alikoajiriwa ilikuwa katika ghorofa ya chini ya jengo la ofisi huko Arlington, karibu na Washington, na ndani yake kulikuwa na kibanda cha kupimia: chumba kidogo chenye kuta nene na mlango mzito kama wa chumba cha barafu. Mashine haikuaminiwa hata siku moja mpaka mtu ambaye masikio yake yanajulikana aingie, avae hedifoni, abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, na matokeo yake yafanane na ya jana. Mtu huyo alikuwa Irene. Matokeo aliyaandika katika daftari la jalada jekundu lililokaa juu ya mashine.

Namba yake kwa sauti nzito ilikuwa kumi, sikio la kulia na la kushoto. Katika vipimo hivyo namba ikiwa ndogo ni vizuri, maana mtu amesikia mlio ukiwa hafifu. Kumi ni sikio zima. Tangu kliniki ihamie pale mwezi Machi mwaka 2006, mahali palipokuwa duka la mazulia, daftari lilikuwa na safu ndefu ya kumi.

Jumanne ya mwisho ya Mei alipata ishirini na tano. Masikio yote mawili.

Alirudia. Ishirini na tano. Sauti nyembamba zilikuwa vilevile kama siku zote. Ni zile nzito tu zilizokuwa zimemkimbia. Alivua hedifoni akakaa kwenye kiti kilichomo kibandani, mikono magotini.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mama yake, Adela, aliyekuwa akiishi Tukuyu, alianza kupoteza masikio akiwa na thelathini na minane, na ilianza hivyohivyo. Kwanza aliacha kusikia sauti ya mumewe. Watoto aliwasikia, kuku aliwasikia, lakini baba akizungumza mezani mama alikuwa akimtazama midomo na kutabasamu. Walidhani wamegombana. Miaka sita baadaye hakusikia hata kengele ya kanisa.

Irene alichukua kalamu akaandika kumi, kumi.

Alijiambia kwamba amechoka, kwamba kesho itarudi. Kesho yake ilikuwa ishirini na tano. Akaandika kumi. Baada ya wiki moja kuandika kumi kulikuwa kumeshakuwa kazi nyepesi kuliko kuingia kibandani. Hakumwambia mtu, si dada yake aliyekuwa muuguzi Baltimore, si Daktari Edna mwenye kliniki.

Daktari Edna alikuwa mwanamke Mmarekani mweusi wa miaka sitini na mmoja, mzaliwa wa Shaw, mtaa wa Washington, tangu enzi ambapo nyumba za kule zilikuwa bado za watu wa kawaida. Alizungumza polepole, kila neno akilimaliza, kama inavyompasa mtu anayeongea na wasiosikia. Katikati ya Juni alisimama mlangoni akiwa ameshika majalada matatu.

"Irene, hivi umeona? Watu wengi mwezi huu wamepungukiwa na sauti nzito. Si kawaida."

"Labda ni umri wao," Irene alisema.

"Huyu ana miaka arobaini na mbili." Alikuwa akimzungumzia Isack, dereva wa ubalozi, Mtanzania wa Musoma, aliyekuja kwa sababu kampuni ya bima ilimtaka apimwe. Isack aliimba besi katika kwaya ya Waswahili huko Lanham. Alipoonyeshwa mchoro wa masikio yake alicheka kwanza, halafu akauliza kama ndiyo maana mwalimu wa kwaya alikuwa akimkazia macho. Daktari Edna alimwagizia vifaa vya kusikilizia.

Daktari alilifungua daftari jekundu, akaona safu ya kumi, akalifunga. "Mashine iko sawa," alisema. Akaenda zake.

Irene alibaki akiutazama mlango. Alijua kwamba pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hakusema.

Mvua kubwa ilinyesha wikiendi ya mwisho ya Juni. Jumatatu asubuhi Irene alipanda treni New Carrollton, Maryland, kama kawaida, ikasimama njiani mara nne, akafika Arlington amechelewa dakika arobaini. Maji yalikuwa yameingia kwenye chumba cha mitambo chini ya jengo, na Christopher, meneja wa jengo, alikuwa amezima kila kitu kule chini wakati yakinyonywa. Hakukuwa na upoozaji. Kliniki ilikuwa na joto la kutoa jasho, na kimya.

Irene aliingia kibandani kwa mazoea. Mashine huanza na sikio la kulia. Alibonyeza, akabonyeza tena, mlio ukizidi kufifia, na yeye bado anausikia. Kumi.

Simu ya mapokezi ililia kabla sikio la kushoto halijaanza. Alivua hedifoni akaenda kuipokea, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka hivi kwamba mteja alimuuliza kama ni mzima.

Saa nane mchana mitambo ikawashwa. Alikuwa amesimama karibu na meza, kiganja kikiwa juu ya ubao, akahisi kitu kikipanda kutoka sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hakikuwa kelele hasa. Kilikuwa kama paka anayekoroma chumba cha pili. Kwa mwezi mzima alikuwa amekaa juu yake bila kukisikia, kwa sababu mvumo usiokatika sikio huuzoea likauacha. Aliingia kibandani haraka akajipima sikio la kulia. Ishirini na tano.

Pampu. Pampu za maji ya kupoozea jengo zilikuwa chini ya miguu yake, na ziliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka huo mwishoni mwa Mei, joto lilipoanza. Kibanda kilipokaguliwa mwezi Machi zilikuwa zimelala. Kuta zake nene zilizuia sauti ya hewani. Hazikuweza kuzuia kile kilichopanda kupitia sakafu. Mvumo ule ndio uliofunika milio mizito, kwake na kwa kila mtu aliyeketi kwenye kiti kile.

Furaha yake ilidumu kama nusu saa. Ndipo alipokumbuka daftari.

Alimwambia Daktari Edna nusu ya jambo. Alisema kuna mtetemo, na kwamba leo pampu ikiwashwa hasikii vizuri. Daktari aliweka mkono ukutani, akaingia kibandani, akatoka, akachukua daftari jekundu. Kumi baada ya kumi, zile siku kumi na tisa za uongo zikiwamo, mpaka Ijumaa iliyopita.

"Basi imeanza leo," alisema. "Ni haya mafuriko."

Irene aliitikia kwa kichwa.

Kuanzia hapo kila mtu alitafuta ugonjwa ulioletwa na maji. Christopher aliwaleta mafundi wa jengo. Walibadilisha beringi za mota kwa kudhani zimelowa. Mvumo ukabaki. Walijenga sanduku la mbao kuizunguka pampu, wakalijaza sponji nene ndani. Kule chini ilikuwa kimya sasa kiasi cha watu wawili kuweza kuzungumza bila kupaza sauti. Kibandani juu hapakubadilika chochote. Daktari Edna alimwomba Christopher azime pampu kwa muda wa saa mbili tu kila siku. Christopher alijibu kwamba ghorofani kuna watu mia nne na Julai ni Julai, kilele cha joto. Kwa hiyo daktari alisimamisha vipimo vyote na kuwapeleka wa haraka kliniki nyingine. Wale waliopimwa kabla ya mafuriko hakuwagusa. Kwa daftari, matokeo yao yalikuwa safi.

Tarehe kumi na nane Julai kampuni moja ya pampu kutoka Lanham ilimtuma msimamizi wake. Alikuwa mtu mrefu mwenye mvi, amevaa viatu vya kazi vyenye ncha za chuma, na begani alikuwa na mfuko wa turubai. Aliandika jina lake kwenye kitabu cha wageni: J. Kiplagat. Irene alilisoma akanyanyua macho.

"Shikamoo, mzee."

Yule mtu alicheka. "Marahaba. Kwetu Kapsabet, Kenya, hatusalimiani hivyo, lakini kule Maryland Watanzania wamenifundisha. Wewe ni wa wapi?"

"Tukuyu, Mbeya."

"Basi, dada, nionyeshe hii kelele yenu."

Alimwingiza kibandani. Kiplagat hakukaa. Alivua kofia, akapiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, kisha kwenye ukuta wa nyuma, kisha kwenye bomba lililopita darini.

"Wamejenga sanduku huko chini?"

"Wamejenga."

"Pesa ya bure. Hii haipiti kwa hewa. Sauti ya hewani unaweza kuifungia mlango. Hii imeshika chuma na simiti, inatembea nayo kama maji kwa kitambaa. Twende."

Walishuka pamoja. Chumba cha mitambo kilinuka rangi na unyevu. Kiplagat alifungua sanduku la mbao, akatoa mfukoni mwake ufito mwembamba wa chuma, ncha moja akaiweka kwenye mota na nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, akasikiliza amefumba macho. Alisogea kwenye pampu, kwenye bomba, kwenye fremu. Irene alimtazama kwa heshima ya mtu anayeona mwenzake akifanya kazi yake ileile kwa chombo kingine.

"Beringi ni nzuri," alisema. "Sasa hii pampu yote, unaona, imekaa juu ya hili bamba la simiti, na bamba limekaa juu ya springi. Kazi ya springi ni kuikata pampu kutoka kwa jengo. Pampu icheze yenyewe, sakafu isijue. Na kila bomba linaloingia liwe na kipande cha mpira, na libebwe na springi pia. Ukiacha chuma kimoja kishike chuma kingine moja kwa moja, hata boliti moja, umejenga daraja. Yote inavuka."

"Kwa hiyo kuna daraja."

"Lazima kuwe na daraja."

Alilala kifudifudi, akawasha tochi, akamulika chini ya bamba. Alikaa hivyo muda mrefu. Irene aliona mabega yake yakitulia kabisa.

"Umeona?"

Kiplagat aliinuka, akapangusa magoti, akalitazama bomba kubwa la maji ya kurudi pale lilipofungwa kwenye pampu kwa boliti nane. Akazima tochi.

"Ilianza lini?" aliuliza.

"Tarehe ishirini na sita Juni. Siku ya mafuriko."

"Hapana."

"Hapana vipi?"

Kiplagat alimtazama, kisha akatazama sakafu. "Una hakika? Si kabla?"

"Kwa daftari, ni siku hiyo."

"Kwa daftari," alirudia. "Sawa. Kama daftari linasema hivyo, basi maji yameharibu springi. Kutu. Nitaandika zibadilishwe. Zitafika Septemba."

"Zitamaliza tatizo?"

"Zitasaidia," alisema, akaanza kurudisha vitu mfukoni.

Irene alirudi kwenye meza yake akiwa na karatasi yenye saini ya Kiplagat. Haikumwingia akilini. Mtu yule alikuwa amesema hapana kabla hajasema ndiyo, na hapana yake ilikuwa ya kweli. Mvumo haukuanza siku ya mafuriko, na ni Irene peke yake aliyejua. Au alidhani ni yeye peke yake.

Siku mbili baadaye Isack alikuja kuchukuliwa umbo la masikio yake ili vifaa vitengenezwe. Alikuwa na sare ya kazi na alizungumza kwa furaha ya kujikaza.

"Kwaya nimeacha, dada Irene. Kwa muda tu. Mwalimu ananiuliza, namwambia nina kikohozi. Nitamwambiaje mtu kwamba besi haisikii besi?"

Irene alikuwa ameshika bomba dogo la ile dawa laini inayomiminwa sikioni ili igande. Aliliweka chini. "Kaka Isack, samahani. Subiri hapo."

Alikwenda chumbani kwa Daktari Edna, akafunga mlango, akaweka daftari jekundu mezani. Alisema yote kwa sentensi tatu au nne. Kwamba siku zile kumi na tisa hazikuwa kumi. Kwamba zilikuwa ishirini na tano kila siku. Kwamba aliyaona matokeo hayo na akaandika mengine.

Daktari Edna alivua miwani. "Kwa nini?"

"Nilidhani ni mimi. Mama yangu ni kiziwi. Nilidhani zamu yangu imefika."

"Na wagonjwa je?"

"Niliwafikiria. Kila siku niliwafikiria, na kila siku ikawa vigumu zaidi kusema."

Daktari alilifungua daftari, akapitisha kidole juu ya safu ile bila haraka. Hakupaza sauti. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningekukumbatia," alisema. "Leo sijui nikufanyeje. Nenda kamwambie bwana yule arudi nyumbani, vifaa vimesimamishwa. Halafu uniletee majalada ya kila mtu aliyekaa kwenye kiti kile tangu Mei."

Alimpigia Christopher mbele ya Irene, akamweleza kwamba mtetemo ulikuwapo tangu siku ya kwanza pampu zilipowashwa, wala mafuriko hayahusiki. Christopher aliipigia kampuni ya Lanham.

Saa tisa alasiri hiyohiyo Kiplagat alisimama mbele ya meza ya mapokezi, bila mfuko wake.

"Umewaambia kitu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimewaambia ukweli. Kwenye daftari niliandika uongo. Ilianza Mei."

"Kwa nini uliandika uongo?"

"Niliogopa. Na wewe? Uliniambia hapana, halafu ukaandika kutu."

Kiplagat alitazama huku na huku, kama anayetafuta mahali pa kukaa. "Twende chini," alisema.

Safari hii alimpa yeye tochi. Irene alilala sakafuni na sketi yake ya kazini, akamulika. Kati ya springi, kwenye pembe nne za bamba, aliona vipande vinne vya chuma, kila kimoja cha ukubwa wa sabuni ya kufulia, vimebana kati ya bamba na sakafu. Vilikuwa vimepakwa rangi ya kijivu, rangi ileile ya sakafu.

"Hivyo vyuma," Kiplagat alisema juu yake, "niliviweka mimi. Mwaka wa 2001."

Irene aliinuka akakaa.

"Hii pampu ni mimi niliifunga. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kama foreman. Vyuma huwekwa wakati wa kufunga mabomba, bamba lisicheze. Ukimaliza unavitoa, springi zinabeba. Lakini bomba la kurudi nililipima vibaya. Lilikuwa fupi, nusu inchi hivi. Kulirekebisha ni kukata na kuchomelea upya, siku mbili, na jengo lilikuwa lifunguliwe Jumatatu. Nikalivuta kwa cheni mpaka likafika, nikakaza boliti. Nikatoa vyuma. Bamba likainama, kwa sababu bomba lilikuwa linalivuta. Basi nikavirudisha. Halafu nikapaka rangi. Hiyo rangi ndiyo inanisumbua. Kukosea vipimo, kila fundi hukosea. Lakini brashi nilichukua mimi mwenyewe."

"Na hakuna aliyeona?"

"Juu kulikuwa na mazulia. Nani angesikia? Miaka mitano. Nimefunga pampu zaidi ya mia tangu hiyo, na zote unaweza kupitisha karatasi chini yake. Ni hii moja tu. Walipoandika anwani kwenye ubao wa kazi nilijua. Nikasema nitaenda mwenyewe, nisije nikatuma mtu akaona." Alicheka bila furaha. "Halafu ukaniambia ni mafuriko. Nikasema, Mungu amenifungulia mlango."

"Mlango ulikuwa uongo wangu," Irene alisema.

"Najua sasa."

Irene hakumwambia afanye nini. Alifikiri kumwambia, akaona hana cheo hicho. Kiplagat alitoa simu kiunoni, akatembea mpaka mlangoni penye mtandao, akampigia mkubwa wake. Alizungumza Kiingereza kifupi. Alisema kosa ni lake, alitaja mwaka, alitaja vyuma na bomba, na akasema hahitaji springi mpya, anahitaji mchomeleaji na Jumamosi nzima. Kisha alisikiliza kwa muda mrefu, akisema ndiyo, ndiyo, naelewa.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa upoozaji wa jengo ulizimwa. Kiplagat alikuja na watu wawili. Daktari Edna alitaka mtu wa kliniki awepo, akamchagua Irene, labda kama adhabu. Irene alisimama pembeni amevaa kofia ya plastiki.

Walifunga valvu, wakamwaga maji, wakaning'iniza bomba kwa cheni ili lisimrukie mtu. Boliti ya mwisho ilipolegezwa bomba lilichomoka kwa kishindo na kukaa mbali na mdomo wa pampu, pengo la kutosha kidole kimoja. Kiplagat alilitazama pengo lile kwa muda. Fundi mmoja, kijana kutoka El Salvador, alipiga mbinja. Walikata, wakachomelea kipande, wakaweka kiungo kipya cha mpira, wakabadilisha vyuma vya kuning'inizia bomba darini wakatia vyenye springi. Ilipofika saa tisa Kiplagat aliinua pembe za bamba kwa jeki, moja baada ya nyingine, akavuta vipande vinne akavipanga sakafuni. Bamba lilishuka kidogo, likasimama. Halikuinama.

"Lisukume," alimwambia Irene.

Alilisukuma kwa mikono miwili. Lile bamba zito, pamoja na pampu yake na mota yake, likasogea mbele na kurudi, polepole, kama kitanda cha mtoto.

"Hivyo ndivyo ilitakiwa kuwa," Kiplagat alisema. "Sasa panda juu. Nitaiwasha. Ukimaliza nipigie."

Irene alipanda. Aliweka kiganja juu ya meza na kungoja. Simu ikaita mara moja, maana yake pampu inazunguka. Meza ilikuwa ubao tu, bila mtetemo. Aliingia kibandani, akavuta mlango, akavaa hedifoni.

Sikio la kulia: kumi. Alitabasamu peke yake gizani.

Sikio la kushoto lilianza. Milio ilikuja, ikafifia, ikaisha. Alingoja mingine. Mashine iliandika ishirini na tano.

Alibadilisha hedifoni, ya kulia akaiweka kushoto. Labda ni waya. Ishirini na tano. Alitoka akaenda kushika ukuta, sakafu, bomba la darini. Hakuna kilichotetemeka. Akarudi akapima mara ya tatu, macho yamefumbwa, akisikiliza kwa nguvu zote mpaka akasikia damu yake mwenyewe.

Safari hii aliandika alichokiona. Kulia kumi, kushoto ishirini na tano, tarehe, saini. Halafu alimpigia Kiplagat.

"Mvumo umekwisha," alimwambia.

"Umekwisha kabisa?"

"Kabisa. Kazi nzuri, mzee."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Nimechoka tu," alisema, na alipokwisha kusema akajisikia akidanganya tena. "Hapana. Sikio langu la kushoto limepungua kweli. Si pampu."

Kiplagat akasema, "Pole sana, dada. Nakuja juu." Alipanda na mikono yake yenye grisi, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa mapokezi mpaka dada yake Irene alipofika kutoka Baltimore kumchukua.

Watu arobaini na saba waliitwa kupimwa upya. Irene aliwapigia simu wote, na kwa kila mmoja alieleza kwamba vipimo vilikosewa na kwamba aliyekosea ni yeye pia. Wengine walikata simu. Mmoja alimtukana. Ishirini na wanane walipata matokeo tofauti. Isack alikuwa na masikio mazima. Aliutazama mchoro mpya muda mrefu, akamuuliza Irene mara mbili kama ana uhakika na huu pia, na hilo lilimuuma Irene kuliko matusi. Daktari Edna alimpa barua ya onyo na kumwondoa kwenye daftari la asubuhi mpaka mwisho wa mwaka. Lakini ni yeye mwenyewe aliyempeleka kwa daktari wa upasuaji, aliyesema kwamba kifupa kimoja kidogo ndani ya sikio kimeanza kuganda, kwamba mara nyingi hurithiwa, na kwamba siku hizi kinaweza kubadilishwa. Upasuaji ulipangwa Februari.

Kiplagat hakufukuzwa. Alivuliwa usimamizi, akarudishwa kubeba spana chini ya mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Oktoba alikuja kliniki akiwa na karatasi ya bima. Mkewe ndiye aliyemtuma. Mama huyo alikuwa amechoka kurudia kila neno.

"Miaka ishirini na saba kwa vyumba vya pampu," alisema. "Na nilikuwa navaa vile vidude vya kuziba masikio wakati bosi yuko tu."

Irene alimkalisha kibandani, akamvalisha hedifoni, akampa kitufe. Alitarajia apungukiwe na sauti nyembamba, zile za herufi za mwisho wa maneno na za ndege, na ndivyo ilivyokuja kuonekana. Lakini kwanza alitakiwa kumweleza la kufanya.

"Kila ukisikia mlio, bonyeza. Hata uwe mdogo namna gani."

"Na nikiwa sina hakika? Nikidhani tu nimesikia?"

"Ukidhani, bonyeza," Irene alisema, akafunga mlango.